Nina saa moja hewani, muziki wa elektroniki: nicheze zipi?

SaaTanoUsiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba mawazo, na mkinipa majina ya nyimbo kabisa nitashukuru zaidi.

Nimepewa kipindi. Saa moja tu, kila Jumamosi usiku, kwenye kituo kidogo cha redio ambako kwa miezi minane kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo madogo madogo. Mkuu wa vipindi alisikia kwamba huwa napiga muziki ukumbini, akaniita akaniambia nimwekee "ule muziki wa mitambo wanaoucheza vijana", ila nisimfukuzie wasikilizaji. Maelekezo yakaishia hapo.

Wiki ya kwanza nikabeba ngoma zangu tisa ninazoziamini. Ni zile ambazo ukumbini nikiziachia, hata waliojikunyata na simu zao pembeni wanainuka. Zote hausi na tekno, mapigo 124 hadi 128 kwa dakika, nikaziunganisha moja baada ya nyingine bila mshono kuonekana. Nilitoka studio najiona bingwa. Kufungua simu ya kituo nikakuta ujumbe wa kwanza, dakika ya 20: "Kaka, CD imekwama?" Wa pili, dakika ya 35: "Huu wimbo unaisha saa ngapi?" Wa tatu ulitoka kwa shangazi yangu, aliyevumilia saa nzima kwa mapenzi tu: "Hongera mwanangu. Nimeupenda ule wimbo."

Ule. Mmoja.

Kesho yake nikasikiliza rekodi kwa spika ya simu, nikaanza kuelewa. Ile ngoma nzito inayotikisa kifua haipo. Kilichobaki ni tsk tsk tsk, kama mtu anatikisa kiberiti.

Sasa naomba mnisaidie. Nichague nyimbo kwa kipimo gani? Niendelee kuunganisha au niache kila wimbo uishe ndipo niseme jina? Na je, nishike za zamani au mpya? Jumamosi haiko mbali.

MzeeWaSanturi

Marahaba, kabla hujaniamkia.

Shangazi yako ndiye mhariri wako, usimpoteze. Kwa sentensi mbili amekwambia kila kitu.

Nimetangaza vipindi vya usiku miaka 17 kabla sijapumzika, na jambo hili nililijua kwa kuchelewa: mtu wa redio hakuja kucheza. Yuko kwenye usukani, yuko lindoni, anapiga pasi. Amefungua redio wimbo ukiwa katikati, na anaweza kuifunga kabla haujaisha. Kwa hiyo wimbo lazima uwe na kitu kinachokaa juu ya besi, kitu ambacho mtu akiingia dakika ya tatu anakishika hapo hapo. Iwe sauti ya mtu, iwe piano, iwe kinanda kinacholia kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Ngoma iliyobebwa na besi peke yake iache ukumbini, ndiko kwao.

Nilikuwa na redio ndogo ya spika moja, kifuniko cha betri kimeshikwa na utepe. Kila wimbo ulipita pale kwanza, sauti ikiwa chini, mimi nikiwa nimekaa upande wa pili wa chumba na gazeti. Nikijikuta bado nasoma gazeti wimbo ukiwa umefika nusu, siubebi. Nyimbo nzuri sana zimefia pale.

Anza na "Strings of Life" ya 1987. Aliyeitoa, kwa jina la Rhythim Is Rhythim, ni Derrick May wa Detroit. Isikilize kwa makini: haina besi. Kuna piano inayokimbia, kuna nyuzi kama za fidla zinazokatakata hewa, kuna ngoma, basi. Watu wameichezea ukumbini miaka yote hii na wengi hawajawahi kugundua. Kwenye redio yangu mbovu haikupoteza kitu kwa sababu haikuwa na cha kupoteza.

Kisha "Show Me Love" ya Robin S, ile remiksi ya StoneBridge ya 1993. Usichukue ya mwanzo ya 1990, si wimbo ule ule. Hii ina besi, tena besi ndiyo kila kitu, lakini angalia imetoka wapi: ni sauti ya ogani iliyokuja imehifadhiwa ndani ya kinanda cha Korg M1. Noti ya ogani haiji peke yake, inakuja na sauti nyingine za juu zimeipanda mgongoni. Spika ndogo ikimeza ile ya chini, hizi za juu zinabaki, na sikio linajijazia lenyewe. Ndiyo maana wimbo huu unausikia vizuri hata kwenye redio ya jirani, ukuta ukiwa katikati.

"I Feel Love" ya Donna Summer, 1977, kazi ya Giorgio Moroder na Pete Bellotte iliyorekodiwa Munich. Utasema ni ya kale. Icheze, halafu cheza chochote cha mwezi uliopita, uone ipi ina nywele za mvi. Humo besi ya Moog, kinanda cha umeme, iko upande mmoja na mwangwi wake upande wa pili, umechelewa kidogo tu. Redio ya spika moja inapozichanganya, zinakaa mapengoni mwa mwenzake na mwendo unakuwa kama umeongezeka mara mbili. Wala hawakukutengea wewe na redio yako, ila umebahatika. Iko remiksi ya Patrick Cowley inayozidi dakika 15. Hiyo siku utakayopewa saa mbili.

Sasa kuna jozi moja ambayo nakuomba uicheze mfululizo. Ya kwanza ni "Acid Tracks" ya Phuture, Chicago, 1987. Kilio chake kile cha kubinyika kinatoka kwenye TB-303, kijisanduku cha Roland kilichotengenezwa ili mpiga gitaa asiye na mwenzake apate wa kumpigia besi. Kama besi ya gitaa kilikuwa hovyo, kikaacha kutengenezwa 1984, kikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana watatu wakakiokota, wakazungusha vitufe ambavyo mtu wa busara angeviacha. DJ Pierre, mmoja wao, amesimulia mara nyingi jinsi Ron Hardy, DJ wa Chicago, alivyoupiga ukumbini mara nne usiku mmoja: mara ya kwanza watu wakatoka nje, ya nne wakachanganyikiwa kwa furaha. Wewe huna mara nne. Una dakika 11 na ushee za wimbo, chukua nne za katikati.

Ya pili ni Charanjit Singh, mpiga muziki wa filamu za Kihindi. Mwaka 1982, miaka mitano kabla ya wale vijana, alichukua 303 hiyo hiyo na mashine ya midundo ya TR-808 akapigia raga kumi, yaani miundo ya noti ya muziki wa asili wa Kihindi, juu ya mdundo wa disko. Santuri haikwenda popote mpaka ilipotolewa upya 2010. Chagua raga yoyote. Ila mwaka utaje KABLA ya kuucheza wimbo. Ukiutaja baada, aliyeingia katikati atadhani ni kazi ya juzi, na utakuwa umemnyima raha nzima ya jambo lenyewe.

Kuhusu kuunganisha: unganisha tatu, kisha nyamaza mashine, sema. Majina matatu, jambo moja tu la kusimulia, tena fupi. Kwenye mapigo 120 kwa dakika, mapigo 32 ni sekunde 16, na nyimbo nyingi za aina hii zinabadilika kila baada ya 32. Jizoeze kusema kwa sekunde 14. Na ule mwanzo wa ngoma tupu uliowekwa kwa ajili ya ma-DJ, uruke. Ukumbini unakusaidia, redioni ndio unaoleta swali la CD kukwama.

Mwisho, nikuokoe na aibu iliyonipata. Kituo nilichokuwa nacho kilikuwa na kifaa kinachosikiliza ukimya. Sauti ikishuka sana kwa sekunde 15, kinaamini studio imekufa, kinawasha kanda ya dharura. Mimi sikuwa na habari nacho. Usiku huo nikaweka kibao kirefu cha tekno chenye lile bonde la katikati, ngoma zinaondoka, kinabaki kinanda kimoja mbali kama mbu wa chumba cha pili. Nimefumba macho, spika za masikioni zimenikaa vizuri, nasubiri ngoma zirudi. Zikarudi, nikacheza peke yangu mle ndani. Simu inawaka, siioni. Nilipokuja kupokea, mlinzi wa getini ananiuliza kwa upole kama niko salama. Hewani kwa dakika tisa ilikuwa inasikika sauti yangu mwenyewe, niliyoirekodi miaka mitatu nyuma nikiwa na mafua, nikiwaomba wasikilizaji radhi kwa hitilafu ya mitambo. Tena na tena. Nilikuwa nasikiliza meza ya studio, sikuwa nasikiliza hewani.

FundiMawimbi

Mzee nimecheka mpaka nimeamsha watu. Kile kifaa kipo karibu kila kituo. Kijana, muulize fundi wako kimewekwa sekunde ngapi na kinahesabu ukimya kuanzia kiwango gani. Akikataa kukiongeza, basi wimbo wenye bonde refu upunguze mwenyewe, au bondeni ndipo uongee.

Naongeza ya kiufundi kidogo. FM inapitisha sauti mpaka kilohezi 15 hivi, kwa sababu kwenye 19 kuna mlio maalumu unaoiambia redio kwamba matangazo ni ya pande mbili. Hiyo si shida kubwa. Shida ni kwamba kabla ya kurushwa, sauti za juu zinapandishwa makusudi, na redio ya msikilizaji inazishusha tena, ili ule mvumo wa hewani upungue. Sasa wewe ukileta ngoma yenye matoazi makali kuanzia mwanzo hadi mwisho, yakishapandishwa yanagonga dari, mtambo unabana, na unapobana unabana kila kitu, pamoja na sauti ya mwimbaji. Ndiyo tsk tsk yako hiyo. Nyimbo zilizopakuliwa kwa ubora wa chini zinazidisha, maana matoazi yake tayari yameshakuwa kama maji ya mfereji.

Kwa hiyo nyimbo za miaka ya themanini ambazo Mzee anazitaja zina faida ambayo hakuisema: hazikupandishwa sauti mpaka mwisho zilipotengenezwa. Zina nafasi ya kupumua, mtambo hauzigombezi.

BintiVinanda

Shikamoo Mzee. Orodha tamu, lakini mwisho wake 1993? Kijana atageuka mlinzi wa makumbusho.

SaaTano, mimi ningeongeza kasi tofauti, kwa sababu kilichomchosha shangazi si besi tu, ni kusikia mapigo yale yale saa nzima. DJ Rashad, albamu ya "Double Cup", 2013: hapo uko kwenye mapigo 160, na sauti za watu zimekatwa vipande vipande mpaka zinakuwa ngoma. Lebo ya Honest Jon's ilitoa 2010 mkusanyiko wa Shangaan electro kutoka Afrika Kusini, kazi za Nozinja, zinapita 180, na marimba zake za kinanda zinapenya spika yoyote. Na mbona hakuna aliyetaja singeli? Ule mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" wa lebo ya Nyege Nyege Tapes, 2017, unavuka mapigo 200. Weka mmoja katikati ya kipindi, mmoja tu, kama pilipili. Mtu akiuliza kama umekosea kasi, mjibu hewani kwamba hujakosea.

Na tafadhali William Onyeabor wa Nijeria. "Fantastic Man", 1979. Vinanda vinaongea kama watu wawili wanaotongozana, yeye anaimba bila haraka. Huyo hata asiyependa muziki huu anamsikiliza mpaka mwisho.

Nilitaka pia kukupa msanii Burial, albamu yake "Untrue" ya 2007, kwa dakika za mwisho. Naipenda kupita kiasi.

FundiMawimbi

Burial hapana! Au sema kwanza. Ile albamu imejaa mikwaruzo ya santuri na mvumo kama wa mvua, makusudi. Tuliwahi kuicheza zamu ya usiku, watu wanne wakapiga simu kwamba masafa yetu yana tatizo, na mimi nikapanda kukagua antena kabla ya mtangazaji kuniambia ndivyo wimbo ulivyo.

MzeeWaSanturi

Binti, marahaba, na nimekubali. Kasi ndiyo niliyoisahau. Wakati ule nilikuwa nabadilisha kasi bila kujua kwamba ni mbinu, kwa sababu tu santuri nilizokuwa nazo hazikulingana.

Tena hilo lina wazee wake. Detroit kulikuwa na mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo; usiku mmoja unamsikia akikupa Kraftwerk, halafu Prince, halafu The B-52's, na Derrick May na wenzake walikua wakimsikiliza yeye. Chicago nako, kuanzia 1981, kulikuwa na wale DJ watano wa Hot Mix 5 kwenye redio ya WBMX, wao kazi yao kuchanganya hewani. Kwa hiyo SaaTano, swali lako la kuunganisha au kutounganisha lilikuwa na majibu mawili tangu kabla hujazaliwa, na yote mawili yalizaa.

Kwa dakika za mwisho badala ya Burial chukua "Sueño Latino", 1989. Imejengwa juu ya "E2-E4", kipande cha karibu saa nzima alichokipiga Manuel Göttsching peke yake Desemba 1981, mara moja, mwanzo mpaka mwisho. Mafungu mawili ya noti yanazunguka, ndege wanalia, mwanamke ananong'ona. Unaweza kuipunguza sauti popote ikapisha taarifa ya habari, na hakuna atakayehisi umemkata.

Halafu yule wa "CD imekwama" mchezee "Around the World" ya Daft Punk, 1997. Maneno matatu, na kwenye albamu yanarudiwa mara 144. Mwambie ahesabu. Lakini isikilize besi yake: inatembea, inapanda, inashuka, inaimba kuliko waimbaji. Kurudia si kosa, mradi kuna kimoja kinachotembea wakati vingine vimesimama.

SaaTanoUsiku

Wakuu, Jumamosi imepita, narudisha majibu.

Niliazima redio ya spika moja nikaiweka juu ya kabati. Kati ya ngoma zangu tisa za mwanzo ilipona moja, na hiyo moja kwa sababu ina mwanamke anayeimba. Nyingine nimezirudisha mfuko wa ukumbini. Iliniuma.

Nilifungua na Donna Summer, nikafuata na "Strings of Life" na "Show Me Love", nikaunganisha hizo tatu, nikasema. Sekunde zangu zilifika 22, nikamkanyaga mwimbaji wa wimbo uliofuata, ambaye alikuwa Onyeabor, namwomba radhi. Kisha ile jozi. Mwaka 1982 niliutaja kabla, kama Mzee alivyoagiza, na hapo ndipo simu ilipowaka kwa mara ya kwanza. Mtu anabisha. Anasema haiwezekani, ametoka kusikia mlio ule ule kwenye wimbo wa 1987 na mimi namletea wa zamani zaidi. Nikamsoma hewani na ubishi wake. Baada ya hapo singeli, mmoja, halafu Daft Punk kwa ajili ya yule wa CD (hakuandika, huenda bado anahesabu), na nikafunga na "Sueño Latino". Yote mle ndani ni nyimbo tisa.

Fundi, kifaa chetu kimewekwa sekunde kumi. Nilimkuta fundi wetu hajui kama kinafanya kazi, tukakijaribu mchana, kinafanya. Kanda ya dharura ina sauti ya mtangazaji aliyeacha kazi zamani, anatakia watu mwaka mpya mwema.

Shangazi ameandika tena: "Mwanangu leo nimehesabu nyimbo nane. Ule wa Mhindi nitumie."

Nimemtumia. Nadhani uliompotea ni "Strings of Life". Pale nilipoiunganisha na Donna Summer niliridhika mno na mshono wangu. Wiki ijayo nitaiacha ianze peke yake, na piano yake.